Bwana John Muir na Njia za Milimani

Wasomaji wetu wengi wakaa penye milima. Wako wa Uchagani, wako wa Upare, wako wa Usambara na wa Ukinga. Kupanda na kushuka ni kazi yao ya kila siku, wala hapana mtu awasifuye kwa hiyo. Mwanamke atokaye sokoni na mkungu wa ndizi kichwani hapandi apate kutazama mabonde. Apanda kwa sababu nyumba yake iko juu. Kwa hiyo huenda wengine wakastaajabu tukiwaambia ya kuwa alikuwako mtu aliyepata jina kubwa ulimwenguni kwa ajili ya kutembea milimani tu, asubuhi akienda na jioni akirudi, hana biashara, wala hatafuti mbuzi aliyepotea. Mtu huyo ni John Muir. Alikufa zamani, katika mwaka wa 1914, lakini mambo aliyoyaanza yangali yakiwashughulisha watu hata leo, nasi twaona inafaa maisha yake yajulikane katika makanisa yetu, yaliyo mema na yasiyo mema pamoja.

Alizaliwa tarehe 21 Aprili mwaka wa 1838 katika Dunbar, mji wa pwani ya Uskoti. Baba yake, Daniel Muir, alikuwa mwuza nafaka, mtu wa dini sana, lakini dini yake ilikuwa kali mno. Alimwagiza mtoto kuyashika Maandiko kwa moyo, sura kwa sura, na asipoyajua alipigwa. Kwa njia hiyo John, alipopata miaka kumi na mmoja, alikuwa amelishika Agano Jipya lote na sehemu kubwa ya Agano la Kale. Sisi tufundishao watoto twajua ya kuwa fimbo yaweza kutia maneno kichwani. Kama yaweza kuyatia moyoni, hilo ni jambo jingine. Muir alipokuwa mtu mzima aliliacha kanisa la baba yake, na siku za Jumapili alionekana msituni kuliko ibadani. Hata hivyo maneno ya Biblia hayakumtoka kamwe, na kila asomaye vitabu vyake huyaona yakichungulia katika kila ukurasa.

Katika Februari mwaka wa 1849 baba alipanda merikebu kwenda Marekani pamoja na watoto watatu, John akiwa mmoja wao. Mama na wengine walifuata baadaye. Wakafika jimbo la Wisconsin, wakakata miti, wakaanza shamba jipya. Kazi ilikuwa nyingi kupita nguvu za mtoto. Baada ya miaka kadha wa kadha baba akanunua shamba la pili, nalo halikuwa na maji. Basi John akaagizwa kuchimba kisima. Chini ya udongo palikuwa na mwamba, ikambidi kuuchonga kwa patasi na nyundo, peke yake, siku baada ya siku, miezi mingi, akishushwa kwa ndoo na kupandishwa kwa ndoo. Alipofika kadiri ya futi 80 chini, asubuhi moja alikuta hewa mbaya imejikusanya shimoni wakati wa usiku. Kichwa kikamzunguka, nguvu zikamwisha. Baba, asiposikia sauti ya nyundo, akamwita kwa nguvu ajitie ndooni. Akatolewa nusu mfu. Baada ya siku moja au mbili, hewa ilipokwisha kusafishwa kwa kumwagiwa maji na kutikiswa kwa matawi, akashushwa tena, akachimba mpaka futi 90, maji yakaonekana. Twayaandika haya kwa urefu kidogo, kwa maana yeye asomaye jinsi Muir alivyopenda kusimama kileleni, penye upepo na nafasi pande zote, na alikumbuke pia shimo lile.

Baba hakuruhusu mtu kukaa macho jioni akisoma. Alisema ya kuwa mwenye kutaka kusoma na aamke mapema. John akalishika neno lile, akaanza kuamka saa saba ya usiku. Kwa sababu ya baridi kali alishuka chumba cha chini ya nyumba, akachonga saa za mbao, na kitanda cha ajabu ambacho saa ilipofika kilimwinua mwenye kulala na kumsimamisha kwa miguu yake. Katika mwaka wa 1860 alivipeleka vitu hivyo kwenye maonyesho ya mji wa Madison, watu wakajaa kuvitazama. Ndipo akapata njia ya kuingia chuo kikuu cha Wisconsin, akajifunza habari za mimea na za mawe kwa muda wa miaka miwili na zaidi, kisha akaondoka pasipo kumaliza.

Akafanya kazi katika viwanda, naye angaliweza kuwa tajiri kwa ufundi wake. Lakini mwezi wa Machi mwaka wa 1867, katika kiwanda cha magurudumu huko Indianapolis, tupa iliteleza mkononi mwake ikamchoma jicho la kuume. Jicho la pili nalo likafifia kwa kuhurumiana na mwenzake. Akalala gizani majuma mengi, asijue kama ataona tena. Alipopona aliacha viwanda, akakusudia kuzitazama kazi za Mungu maadamu ana macho. Septemba mwaka ule ule akaanza kwenda kwa miguu kutoka Kentucky mpaka pwani ya Florida, safari ya kadiri ya maili elfu. Huko akashikwa na homa ya malaria, akaugua sana. Tarehe 28 Machi 1868 merikebu ikamshusha San Francisco, katika jimbo la California. Akauliza njia ya kutoka mjini, akaenda zake kwa miguu kuelekea milima iitwayo Sierra Nevada.

Hapa yatupasa kueleza kidogo. Katika milima ile theluji huanguka wakati wa kipupwe na kuziba njia zote. Majira ya hari, yaani miezi ya Juni, Julai na Agosti, huyeyuka. Maua hutokea, mito hujaa, na mtu aweza kupanda kilele asubuhi na kurudi kambini kabla ya giza. Mvua za wakati ule ni chache, ila mara nyingi mawingu hukusanyika baada ya saa sita ya mchana na radi hupiga vileleni. Kwa hiyo mtembezi mwenye akili huondoka alfajiri, hufika juu kabla ya adhuhuri, akashuka. Tena vijito vitokavyo penye theluji ni vidogo asubuhi, bali alasiri hujaa kwa sababu ya jua. Kijito ulichokiruka ukienda, waweza kushindwa kukivuka ukirudi. Wale wetu walioongoza wageni Kibo wayajua mambo ya namna hii.

Katika Juni mwaka wa 1869 mwenye kondoo mmoja, jina lake Delaney, alimwajiri Muir afuatane na kundi lake la kondoo zaidi ya elfu mbili, lililopelekwa juu kutafuta majani. Palikuwa na mchungaji mwingine wa kuwalinda, na Delaney aliahidi ya kuwa Muir atapata nafasi ya kutosha kwa kutazama mimea. Basi majira yale yote ya hari yakawa kwake ni siku baada ya siku za kutembea. Kambi ilihamishwa polepole kwenda juu, na kutoka kila kambi alipanda milima iliyoizunguka, mara nyingi peke yake, mara nyingine pamoja na mbwa mkubwa aitwaye Carlo, ambaye mwenyewe alimwazima. Hakuchukua mengi: mkate, chai kidogo, daftari, na kioo cha kukuzia mimea. Tarehe 26 Julai alipanda Mlima Hoffmann, wenye kimo cha kadiri ya mita 3,300. Tarehe 7 Septemba akapanda kilele kiitwacho Cathedral, maana yake Kanisa Kuu, kwa kuwa mawe yake yamesimama kama minara. Naye akaandika ya kuwa siku hiyo alijiona kama yumo kanisani kweli, kwa mara ya kwanza tangu kufika California. Hatujui ya kuwa mtu mwingine alikuwa amefika juu yake kabla ya siku ile.

Kati ya siku zile alifanya na jambo moja la hatari. Katika bonde la Yosemite liko poromoko la maji lishukalo, kwa sehemu zake zote, mita 739. Mwezi wa Julai alifika kutoka juu, hapo mto uangukapo, akataka kuyaona maji jinsi yatokavyo mwambani. Akavua viatu, akashuka juu ya jiwe lenye kuteleza, akaona upenyo mwembamba usiozidi upana wa vidole vichache. Akatafuna majani machungu ili asishikwe na kizunguzungu, akasimama hapo kisigino tu kikishika jiwe, akatazama chini muda mrefu. Akarudi salama, lakini usiku ule aliota mara kwa mara ya kuwa anaanguka pamoja na mwamba. Vijana waupendao ujasiri wa namna hii na wasome neno hili la ndoto pia, si lile la ushujaa peke yake.

Kondoo wale hakuwapenda. Aliona jinsi walivyokula maua na majani machanga hata nchi ikabaki mavumbi, akawafananisha na nzige. Chuki hiyo ya kwato ilizaa mambo makubwa baadaye.

Lakini imetupasa kusema na neno jingine, ambalo waandishi wa zamani waliomsifu Muir hawakulitaja. Njia alizozipita peke yake hazikuwa njia za mtu asiyekuwako. Bonde la Yosemite lilikuwa na wenyewe, watu waitwao Ahwahneechee, ambao askari wa wazungu waliwaingilia na kuwafukuza katika mwaka wa 1851, miaka kumi na minane tu kabla ya Muir kupita na kondoo wale. Njia ya kuvuka milima kwenda nchi ya Mono, aliyoipita Agosti 1869, ilikuwa imekanyagwa na wenyeji vizazi vingi wakibadilishana mali. Alikutana nao njiani, na maneno aliyoyaandika juu yao yalikuwa ya kudharau. Aliona uchafu wa nguo zao, wala hakuuliza ni nani aliyewaondoa penye maji yao. Miaka kumi baadaye, alipokaa na Watlingit wa Alaska, kula nao na kusafiri katika mitumbwi yao, aliandika habari zao kwa heshima. Hata hivyo ya kwanza yaliandikwa. Katika Julai mwaka wa 2020 chama alichokiongoza mwenyewe kilikiri mbele ya watu wote ya kuwa maneno yale yaliwaumiza wengi. Sisi, ambao baba zetu nao waliandikwa na wapita njia, hatuwezi kulipita jambo hili kimya.

Baada ya kondoo kushuka, Muir alirudi Yosemite akafanya kazi ya kupasua mbao, na kila siku aliyoipata alipanda. Wakati ule bwana Josiah Whitney, mkuu wa wapimaji wa California, alifundisha ya kuwa bonde lilitokea kwa kudidimia kwa nchi. Muir, aliyekuwa mpasua mbao tu, alisema ya kuwa ni barafu iliyolichonga, barafu itambaayo polepole kama mto. Alidharauliwa. Katika mwaka wa 1871 akaona karibu na Mlima Merced mto wa barafu ulio hai. Mwaka wa 1872 akasimamisha miti juu ya barafu ya Mlima Maclure, na baada ya siku 46 akakuta mti wa katikati umesogea inchi 47. Wataalamu wa baadaye wamekubali ya kuwa barafu ilifanya kazi kubwa kule, ingawa si kazi yote aliyodhani yeye. Ile ya Mlima Merced haipo tena leo. Imekwisha kuyeyuka, kama tuonavyo barafu ya Kibo ikipungua mwaka hata mwaka.

Peke yake alipanda Mlima Ritter katika Oktoba 1872, akanaswa kati ya genge, asiweze kwenda juu wala kurudi chini, akadhani amekwisha. Kisha akili ikamtulia ghafula, akaona kila ufa wa jiwe wazi mbele yake, akapanda. Peke yake pia, tarehe 21 Oktoba 1873, alifika juu ya Mlima Whitney, wenye mita 4,421, ulioitwa kwa jina la yule yule bwana aliyembishia. Siku chache kabla ya hapo alikuwa amejaribu akashindwa, akalala usiku mzima karibu na kilele pasipo blanketi, akichezacheza mahali pamoja ili asife kwa baridi.

Wengine watasema, mwenye kwenda peke yake hujihatarisha, afadhali awe na mwenzake. Ni kweli, lakini katika habari za Muir mwenzake naye mara nyingine alikuwa ndiyo hatari. Tarehe 30 Aprili 1875 alipanda Mlima Shasta pamoja na Jerome Fay, ili kupima uzito wa hewa kwa kazi ya serikali. Mawingu yakaja. Fay alitaka kushuka mapema, Muir akataka kumaliza vipimo vyake vya saa tisa. Tufani ikawakuta juu. Wakajilaza mahali panapotoka mvuke wa moto wa volkano, na usiku kucha migongo yao ikaungua huku vifua vikiganda kwa theluji. Muir hakuwa na koti, ila shati tu. Asubuhi wakashuka wakiwa hai, lakini miguu ya Muir haikupona kabisa baada ya usiku ule. Hapa kosa lilikuwa lake, si la mwenzake, nasi hatuoni sababu ya kulificha.

Habari ya Alaska ni nyingine. Katika mwaka wa 1879 Muir alifika Fort Wrangell, akafanya urafiki na mmisionari kijana wa kanisa la Kipresbiteri, jina lake Samuel Hall Young. Meli ndogo ikawapeleka pamoja na wachungaji wengine katika mto Stikine, mpaka Glenora. Alasiri moja wawili hawa wakaondoka kupanda mlima ulio nyuma ya mahali pale, wakikusudia kuona jua likichwa kutoka kileleni na kurudi usiku. Muir alikwenda kama mbuzi wa milimani. Young alimfuata kwa furaha, lakini alikuwa na siri: mabega yake yote mawili yalikuwa yamewahi kuteguka alipokuwa akizoeza farasi, nayo hayakuwa na nguvu. Hakumwambia Muir, kwa kuogopa asije akaachwa. Karibu na kilele jiwe likavunjika chini ya mguu wake. Akateleza, akakita mikono changaraweni, na mabega yote mawili yakatoka mahali pake. Akasimama ukingoni, miguu ikining'inia hewani, chini yake genge, na chini ya genge barafu. Mikono haifai kitu.

Muir akasikia. Akamwita atulie, ya kuwa atazunguka amfikie kutoka upande mwingine, naye akaondoka akipiga mbinja na kuimba ili yule asifadhaike. Young alilala akihesabu changarawe zilizokuwa zikimponyoka chini ya kifua. Mwisho Muir akatokea, akamshika kwa nguo zake, akamvuta. Na kwa kuwa alihitaji mikono yake yote miwili kwa kupanda, akamshika kwa meno, penye ukosi wa nguo, akapanda naye hivyo mpaka mahali pa usalama. Bega moja likarudishwa kwa taabu. La pili likakataa, akalifunga kwa kitambaa. Wakashuka usiku kucha, Muir akimbeba, akimtegemeza, akiwasha moto mdogo hapa na pale apate kupumzika. Asubuhi wakafika merikebuni, na huko bega la pili likarudishwa kwa nguvu za watu kadhaa. Mwaka uliofuata wakasafiri pamoja tena, Young hakumwogopa, wala Muir hakumchoka. Safari hiyo ndiyo ya yule mbwa Stickeen, aliyekuwa mali ya Young, ambaye alimfuata Muir juu ya barafu katika tufani na kuvuka ufa mkubwa juu ya ukingo mwembamba wa barafu, akilia kabla na kurukaruka kwa furaha baadaye. Muir aliandika kitabu kizima juu ya mbwa huyo.

Aprili 1880 akaoa, mkewe akiitwa Louie Strentzel, wakakaa Martinez katika California, wakapata binti wawili, Wanda na Helen. Alilima matunda kwa bidii, akaweka akiba, lakini afya yake ikapungua miaka ile, na mkewe mwenyewe ndiye aliyemhimiza arudi milimani. Tunamheshimu mwanamke huyu. Vitabu vyamtaja kidogo mno. Katika mwaka wa 1888 Muir alipanda Mlima Rainier, wa mita 4,392, pamoja na kikundi cha watu.

Sasa yafuata mabadiliko ambayo kwa ajili yake hasa tumeshika kalamu. Katika mwaka wa 1889 Muir alipiga hema katika majani ya Tuolumne pamoja na mhariri wa gazeti, Robert Underwood Johnson. Wakaona jinsi kondoo walivyoharibu nchi, wakaanza kuandika na kusema. Tarehe 1 Oktoba 1890 sheria ikatolewa ya kulinda milima inayozunguka Yosemite. Lakini sheria ni karatasi. Walinzi walikuwa wachache, wenye kondoo na wenye misumeno walikuwa wengi, na watu wa mijini hawakujua ni nini kinachopotea. Basi tarehe 28 Mei 1892 Muir na wenzake wakaunda chama huko San Francisco, kiitwacho Sierra Club, chenye wanachama 182, naye akawa mkuu wake mpaka kufa kwake.

Mwandishi wa chama, wakili kijana William Colby, aliona ya kuwa mtu hatetei mahali asipopajua. Akatoa shauri watu wapelekwe milimani kwa kundi, majira ya hari, si mmoja mmoja. Muir aliyezoea upweke akalipokea shauri hilo kwa moyo wote. Julai 1901 watu 96 wakaenda mpaka majani ya Tuolumne, wanawake kwa wanaume, walimu, wanafunzi, watu wa ofisini. Chakula na matandiko vikichukuliwa na wanyama, na mpishi Mchina akiongoza jiko. Wanawake waliagizwa kuvaa nguo fupi zisizofika kifundoni, jambo ambalo mijini lingaliwaletea masengenyo, lakini jabali halikubali vazi refu. Kutoka kambini kila siku vikundi vilitoka: wenye nguvu kwenda Mlima Dana na Mlima Lyell, wenye kukaribia mita 4,000, wengine kufuata mto na kutazama maua. Jioni wote walikusanyika penye moto mkubwa, na Muir, mwenye umri wa miaka 63, alisema nao juu ya barafu na miti. Binti zake wawili walikuwamo.

Watu waliomwona walisema ya kuwa alikuwa msemaji asiyechoka, tena asiyekoma. Hilo twaliamini kwa urahisi. Aliyenyamaza miaka mingi vileleni alikuwa na akiba.

Safari zile za kila mwaka zikaendelea muda mrefu, zikakua mpaka kufikia watu 200 pamoja na nyumbu wengi, hata wenye chama wenyewe wakaona majani yanakanyagwa na njia zinachimbika, wakapunguza idadi. Hapa pana fumbo, wala Muir hakulifumbua. Mlima usiojulikana hauna wa kuutetea. Mlima ujulikanao na wote hukanyagwa na wote.

Mei 1903 rais wa Marekani, Theodore Roosevelt, alilala usiku tatu nje pamoja na Muir katika nchi ya Yosemite, na asubuhi moja wakaamka wamefunikwa na theluji. Miaka mitatu baadaye bonde lenyewe nalo likawekwa chini ya ulinzi wa serikali kuu. Lakini mwaka ule ule wa 1906 tetemeko la nchi na moto viliuharibu mji wa San Francisco, na wakuu wa mji wakataka maji. Wakachagua bonde la Hetch Hetchy, ndugu yake Yosemite, lililokuwa ndani ya mipaka iliyolindwa, ili wajenge boma la kuzuia mto na kulifanya ziwa. Muir alipigana na jambo hilo miaka mingi. Wasomaji wasidhani ya kuwa upande mmoja walikuwako wema na upande wa pili waovu: watu wa mji walihitaji maji kweli, na hata katika chama cha Muir walikuwako waliosema mji upewe bonde lile. Yeye alijibu ya kuwa maji yako mahali pengine pia, bali bonde kama lile halipo jingine.

Katikati ya mashindano hayo, mkewe akiwa amekwisha kufa mwaka wa 1905, mzee huyu wa miaka 73 aliondoka peke yake kwenda kuona miti ya Amerika ya Kusini na ya Afrika. Mwanzoni mwa mwaka wa 1912 alifika Cape Town, akaenda kwenye maporomoko ya mto Zambezi, na furaha yake kubwa huko ilikuwa mibuyu. Mti tuupitao kila siku pasipo kugeuza shingo, yeye alivuka bahari apate kuutazama. Kisha akashuka Mombasa, akapanda gari la moshi mpaka Nairobi na kuendelea hata ziwa la Victoria, akaona mahali mto Nile utokapo ziwani, ndipo akarudi kwao.

Tarehe 19 Desemba 1913 sheria ya kuwapa San Francisco bonde la Hetch Hetchy ikatiwa sahihi. Muir alikuwa amechoka. Mwaka uliofuata, alipokwenda kumtembelea binti yake Helen, alishikwa na ugonjwa wa mapafu, akafa hospitalini katika Los Angeles tarehe 24 Desemba 1914, karibu naye karatasi za kitabu cha Alaska alichokuwa akikiandika. Boma likamalizika mwaka wa 1923, bonde likajaa maji, na watu wa mji wayanywa hata sasa.

Mwaka mmoja baada ya kufa kwake ilianza kufanywa njia ya miguu yenye jina lake, ikamalizika 1938. Urefu wake ni kadiri ya maili 211, kutoka Yosemite mpaka Mlima Whitney. Na katika bonde la Yosemite liko jabali liitwalo Half Dome, ambalo wapimaji wa zamani walidhani hapana mguu wa mtu utakaofika juu yake. Mtu mmoja aitwaye George Anderson alifika Oktoba 1875 kwa kutoboa mwamba na kukaza misumari ya chuma. Mwezi uliofuata Muir akapanda kwa kamba ya Anderson. Leo zimetiwa kamba za chuma, na wakati wa hari watu huenda na kurudi kwa siku moja. Walizidi kuwa wengi hata wakasongana juu ya mwamba, na tangu mwaka wa 2010 ruhusa imewekwa. Yapata watu 300 kwa siku ndio wakubaliwao, majina yao yakichaguliwa kwa kura, na wengi waombao hukosa.